Ahadi ya Jumamosi: Hotuba Juu ya Malezi ya Vijana Wakimbizi

(Ilisomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka kwa niaba ya Kamati ya Vijana)



Tumeagizwa na Kamati tuseme machache juu ya malezi ya vijana wakimbizi, kazi ambayo chama chetu kimeifanya kila Jumamosi katika ukumbi huu kwa muda wa miaka mitatu. Hesabu ya fedha mtaisoma katika kurasa za Mweka Hazina, nayo ni fupi, kwa sababu kazi hii haili fedha nyingi. Inakula kitu kingine, na hicho ndicho tunachotaka kukieleza.

Kwanza yafaa tufafanue neno. Tunaposema mlezi, hatuna maana ya mlezi wa chama, yule mheshimiwa anayekaribishwa siku ya sherehe akapewa kiti cha mbele. Mlezi wetu ni mtu wa kawaida, awe karani, fundi cherehani, mwalimu au mwenye duka, aliyekubali kukutana na kijana mmoja kila juma, saa ile ile, ili amsaidie masomo, afuatane naye ofisini, amsikilize, na kumwonyesha desturi za mji huu. Halipwi. Wala hachukui mahali pa baba au mama. Vijana wengi wana wazazi au jamaa zao hapa Nairobi, na hao ndio wenye haki ya kwanza juu ya watoto wao.

Huenda mwanachama akauliza: Kwa nini tujishughulishe na watoto wa nchi nyingine, na hali wetu wenyewe wana shida? Swali hilo ni la haki, wala hatumlaumu aulizaye. Lakini jambo hili si geni katika nchi yetu. Mwaka wa 1875 ilianzishwa Freretown, karibu na Mombasa, iwe makao ya watu waliookolewa katika majahazi ya watumwa. Miongoni mwa waliowapokea na kuwafundisha walikuwako Waafrika ambao wao wenyewe walikuwa wamekombolewa zamani wakiwa watoto, wakapelekwa India kusoma, kisha wakarudi pwani yetu. Watu waliwaita Waafrika wa Bombay. Basi, aliyetangulia kupotezwa ndiye aliyemshika mkono aliyepotezwa baada yake.

Na tusijidhani sisi ni watu wasioweza kufikwa na msiba huo. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, wengi wetu tuliyaona kwa macho mahema yaliyosimamishwa katika viwanja vya maonyesho vya Nakuru na vya Jamhuri hapa Nairobi. Waliolala ndani yake walikuwa Wakenya, na wengine katika sisi walivuka mpaka kuingia Uganda. Aliyelala katika hema lile hahitaji kuhubiriwa habari za wakimbizi.

Kambi za Dadaab zilifunguliwa mwaka wa 1991, Wasomali walipokimbia vita vya kwao. Kakuma ilifunguliwa mwaka wa 1992, walipofika Turkana maelfu ya wavulana wa Sudan waliokwenda kwa miguu mwendo mrefu, wengi wao bila wazazi. Mtoto aliyezaliwa kambini katika miaka ile sasa ni rika letu sisi tunaosema nanyi. Sisi tumesoma, tumeajiriwa, tumeoa. Yeye huenda amefanya hayo yote pia, lakini ameyafanya akiwa mgeni katika nchi aliyozaliwa.

Je, uongozi wa mtu mmoja waweza kufanya nini? Tutatoa mfano unaojulikana na wote. Katika michezo ya Olimpiki ya Rio, mwaka wa 2016, kwa mara ya kwanza ilishiriki timu ya wakimbizi. Walikuwa wachezaji kumi, na watano kati yao walikuwa wakimbiaji kutoka Sudan Kusini waliochaguliwa katika kambi ya Kakuma na kufundishwa Ngong. Kiongozi wa msafara alikuwa Tegla Loroupe, binti wa Kenya, mshindi wa marathoni ya New York ya mwaka wa 1994. Mama huyu angaliweza kuwapelekea viatu, akapigwa picha, akarudi nyumbani. Lakini vijana wale walipata mahali pa kukaa, watu wa kuwafundisha siku baada ya siku, na kiongozi aliyefuatana nao mpaka uwanjani. Viatu peke yake havimfundishi mtu kukimbia.

Sasa tutasema habari zetu wenyewe, na hapa, Bwana Mwenyekiti, hatuna budi kuungama kosa.

Tulipoanza tulikuwa walezi kumi na wawili, wenye bidii kubwa. Tulileta nguo, madaftari na mikate. Sisi tunaosoma hotuba hii tulikabidhiwa mvulana wa miaka kumi na mitano kutoka Kivu, anayekaa na shangazi yake. Kiswahili chake ni cha Kongo. Shule kwake ni masomo, kwa hiyo husema anakwenda ku masomo. Na mtu mzima humwita Papa, kwa heshima, kama sisi tusemavyo Baba. Siku ya kwanza aliposema “Aksanti, Papa,” baadhi yetu tulicheka, kwa maana papa kwetu ni samaki mkali wa baharini. Mvulana alinyamaza, wala hakusema neno lingine siku ile. Hilo lilikuwa kosa dogo, tukamwomba radhi. Kosa kubwa lilikuja baadaye.

Tulimwahidi kwamba tutakutana naye kila Jumamosi saa nne ya asubuhi. Ulipofika mwisho wa mwaka, hesabu za ofisi zilitubana, nasi hatukuja kwa Jumamosi tatu. Hatukutuma ujumbe. Tulijisemea kwamba mtoto atacheza mpira, hataona upungufu wowote. Jumamosi ya nne tukaja, naye hakuwapo. Tukaenda kwa shangazi yake.

Mama yule hakutufokea. Alitueleza tu. Jumamosi ya kwanza mvulana aliketi ngazini pa ukumbi huu mpaka jua likachwa. Jumamosi ya pili alikwenda kwa bawabu akauliza tumelazwa hospitali gani. Jumamosi ya tatu alikataa kutoka nyumbani. Tukamwita. Akasimama mlangoni, akatutazama kwa muda, kisha akasema: “Papa, nilizani balikuua.” Yaani, alidhani wametuua.

Ndugu wanachama, sisi mtu asipofika twadhani ana kazi, au amenyeshewa, au amekosa matatu. Kijana huyu, katika nchi alikotoka, waliokosa kufika hawakuonekana tena. Sisi tulikuwa mezani tukijumlisha hesabu, naye alikuwa akituomboleza. Zilipita wiki nyingi kabla hajaleta tena daftari lake, na hata leo, akiisha kufika, humwuliza bawabu kwanza kama tumekwisha kuingia.

Tuliporudi katika Kamati tuliona kwamba si sisi peke yetu. Katika wale kumi na wawili, watano walikuwa wameacha kazi bila kuaga, mmoja kwa kuhamishwa, mwingine kwa kuoa, wengine kwa kuchoka tu. Hakuna aliyetaka ubaya. Lakini wazee walisema kwamba ahadi ni deni, na deni kwa mtoto aliyepoteza watu lina riba kubwa. Kwa hiyo Kamati ikaweka kanuni hizi, nazo zimefuatwa tangu hapo:

Kwanza, mlezi ataahidi mwaka mmoja kamili, si zaidi, wala si pungufu. Asiyeweza mwaka asianze.

Pili, akizuiliwa, atatuma habari kabla ya saa, si baada yake. Na akitaka kuondoka, atakuja mwenyewe kumwaga kijana, naye atamwambia siku hiyo mapema.

Tatu, mlezi hataahidi kisicho chake. Vijana wengi hungoja habari za kupelekwa Marekani, Kanada au Ulaya, na wengine wamengoja miaka mingi. Mlezi hana uwezo juu ya jambo hilo, wala asiseme neno la kumtia kijana tamaa. Kadhalika asiahidi karo.

Nne, hatamwuliza kijana habari za njiani na za vita. Akitaka kusema, atasikilizwa. Asipotaka, tutasoma hesabu.

Tano, watakutana hapa ukumbini, mbele ya watu, kwa ruhusa ya mzazi au jamaa. Hakuna mlezi atakayekaa na mtoto peke yake mahali pa siri, hata awe mtu wa heshima namna gani.

Tulipozishika kanuni hizi tuliona faida ambazo hatukuzitazamia. Nyingi katika hizo ni mambo madogo ya karatasi, na hapo karani ana msaada. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka wa 2021 imemfungulia mkimbizi njia ya kazi na biashara, na Mpango wa Shirika uliozinduliwa mwezi wa Machi 2025 unakusudia makambi yageuke makao ambayo wenyeji na wakimbizi watatumia huduma pamoja. Hayo ni mema. Lakini kijana hatapita katika njia hiyo ikiwa hajui aende ofisi ipi, achukue hati gani, na amjibu nini karani aliye nyuma ya dirisha.

Tuchukue mfano wa majina. Msomali ana jina lake, la baba yake na la babu yake. Fomu zetu huuliza jina la ukoo, naye hajui aandike lipi. Tena, tangu mwaka wa 1972 Kisomali kimeandikwa rasmi kwa herufi za Kilatini kwa namna yake: huandika Xasan pale tunapoandika Hassan, na Cabdi pale tunapoandika Abdi. Tulikuwa na kijana ambaye jina lake liliandikwa kwa namna tatu, moja katika kadi ya posho, nyingine katika kitambulisho chake cha mkimbizi, na ya tatu katika daftari la shule. Mwenyewe hakuona hatari, kwa kuwa yote yalikuwa jina lake. Mlezi wake aliliona jambo hilo kwa sababu alikuwa ametazama karatasi zile mara kwa mara kwa miezi saba. Wakaenda pamoja kula kiapo, wakapanga foleni asubuhi tatu, na jina likasahihishwa kabla ya kuandikishwa mtihani. Lau angepewa msaidizi wa siku moja, hakika angepewa daftari jipya, na jina lingebaki vile vile.

Hali kadhalika kijana mkubwa anayewekwa darasa la wadogo kwa kuwa Kiingereza ni kipya kwake. Huona haya na kutaka kuacha shule. Hakuna zawadi iondoayo haya hiyo. Huondoka polepole, akiwapo mtu mmoja asiyemcheka na anayekumbuka juma lililopita alikomea ukurasa gani.

Wahenga walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Watu hulitaja neno hili kumfukuza mgeni, lakini twaona maana yake si hiyo. Ampaye mgeni jembe amemhesabu kuwa mtu wa nyumbani, na hana budi kumwonyesha pia shamba liko wapi na mpaka wake ni upi. Vijana hawa wanataka jembe. Waliokuwa wakifundishwa mwaka wa kwanza, sasa wawili kati yao hubaki adhuhuri kuwasomesha wadogo, wa kwao na wa kwetu pia, kwa maana watoto wa mtaa huu nao wameanza kuja na hatukuwafukuza.

Bwana Mwenyekiti, tumefika mwisho. Leo walezi waliobaki ni saba, na vijana waliojiandikisha kungoja ni kumi na tisa. Kila juma mzazi huja kutuuliza zamu ya mtoto wake itafika lini, nasi humjibu kwamba bado. Ni vigumu kusema neno hilo, lakini twaona ni afadhali kijana angoje mlezi asiyemjua kuliko amngoje aliyemwahidi asifike.

Kwa hiyo hatuwaombi mwandike majina leo. Desturi ya mikutano ni kuinua mikono wakati moyo una joto, nasi ndivyo tulivyofanya miaka mitatu iliyopita. Nendeni nyumbani, mkazungumze na wake zenu na waume zenu, mtazame kalenda za kazi zenu, mkahesabu Jumamosi hamsini na mbili moja moja. Mkiona zinawezekana, njoni juma lijalo. Daftari litakuwa wazi kwa Katibu, nasi tutakuwa hapa saa nne kamili, kwa kuwa tunangojwa.