Kiini cha Mwani na Urithi Wake



Leo twataka kuzungumza habari ya kitu kisichoonekana kwa macho matupu, nacho kimo ndani ya mwani upandwao pwani ya Uroa. Wakulima wake, walio wengi wanawake, huteremka wakati wa bamvua maji yakisha kupwa, wakafunga vipande vya mbegu katika kamba zilizowambwa baina ya mambo. Kipande kimoja kina chembe zisizohesabika, na chembe ni kama nyumba ndogo yenye chumba cha ndani. Chumba hicho ndicho kiini. Robert Brown, Mskochi, alikipa jina mwaka 1831. Humo hukaa maandishi ya urithi, yaitwayo jenomu, yaamrishayo mwani uwe mwani.

Zamani za kale kiini hakikuwako. Viumbe wote walikuwa chembe moja moja, na urithi wao haukuwa na chumba, kama ulivyo wa bakteria hata leo. Kisha, zaidi ya miaka milioni 1,500 iliyopita, chembe ya jamii iitwayo akea ilimpokea bakteria ndani yake. Mgeni huyo hakuliwa, bali alikaa akawa mtoaji wa nguvu. Mwaka 1967 Bibi Lynn Margulis wa Marekani alilieleza jambo hili; wengi walimpinga, lakini hatimaye urithi wenyewe ulimshuhudia. Wahenga wa mwani wakapokea mgeni wa pili, bakteria ajuaye kujipatia chakula kwa mwanga wa jua. Siku zilivyopita, hati nyingi za wageni zilihamishwa zikatiwa katika kasha la mwenyeji, yaani kiini.

Wala wingi wa maandishi si dalili ya cheo. Jenomu yetu wanadamu ina herufi kama milioni 3,000. Ya kamongo mmoja wa Afrika, ndugu wa yule wa Ziwa Victoria, ilisomwa mwaka 2021, ikaonekana ina milioni 40,000, kwa kuwa sehemu zake nyingi zimenakiliwa mara kwa mara.

Basi haya yatuhusu nini? Viumbe wenye kiini walipata desturi kubwa: kuchanganya urithi wa mume na wa mke, hata watoto wakatofautiana. Ugonjwa ukija, hawafi wote. Lakini mwani wa shambani hupandwa kwa vipande, na kipande hakichanganyi kitu. Ni nakala ya mzazi wake. Mbegu za kilimo hiki Unguja zililetwa kutoka Filipino mwaka 1989, nazo zimekatwa na kupandwa tena miaka yote. Ndiyo maana joto la maji na maradhi yakiupata mche mmoja, jirani yake hana kinga iliyo tofauti. Kotonii, ulio na bei nzuri, umekufa mara nyingi tangu miaka ya 2000, na wakulima wengi wameshika spinosumu, wenye bei ndogo.

Hata hivyo, wataalamu wameona kuwa pwani zetu za Afrika Mashariki zina mwani wa asili, jamaa wa huo, wenye urithi wake wenyewe. Hiyo ni akiba. Basi yatupasa tusiuharibu mwani wa miambani kwa kudhani hauna kazi, maana huenda katika viini vyake mna dawa ya mashamba ya kesho. Akiba haiozi.