Mtoto wa Jicho si Ugonjwa wa Wazee Pekee

Hotuba kwa wakazi kuhusu afya ya macho



Mtoto wa jicho akitajwa, wengi humfikiria babu au nyanya. Ni kweli kwamba umri ndio chanzo kikuu. Lakini hata mtoto mchanga huweza kuzaliwa na tatizo hili, na kwake kuchelewa kuna hasara kubwa zaidi.

Ndani ya jicho mna lenzi iliyo angavu kama kioo. Ikiingia ukungu, mwanga haupiti vizuri. Mzee aliyesubiri miaka kadhaa kwa kawaida huona tena baada ya upasuaji, kwa kuwa ubongo wake ulijifunza kuona zamani. Ubongo wa mtoto bado unajifunza. Usipopata picha safi mapema, huenda usijifunze vyema hata lenzi ikitolewa baadaye. Kwa hivyo ukungu mzito wa kuzaliwa nao hufaa kutolewa ndani ya miezi 2 ya kwanza. Aliyepitisha muda huo pia aletwe; asifichwe nyumbani.

Baadhi ya watoto hurithi hali hii. Wengine huipata mama anapougua rubela akiwa mjamzito, jambo lililogunduliwa na daktari Norman Gregg wa Australia mwaka wa 1941. Kinga ipo. Tangu 2016, watoto nchini Kenya huchanjwa dhidi ya surua na rubela pamoja, wakiwa na miezi 9 na tena miezi 18. Chanjo hiyo humkinga mtoto, na pia mimba ya jirani.

Vijana na watu wazima nao hawajasalimika. Jicho lililopigwa kwa jiwe, fimbo au kipande cha chuma laweza kuingia ukungu, hata miaka baadaye. Anayechomelea au kusaga vyuma avae miwani ya kinga. Mwenye kisukari apimwe macho kila mwaka. Matone ya macho yenye steroidi, yakitumiwa muda mrefu bila daktari, huleta mtoto wa jicho na hata presha ya macho. Usinunue matone kwa kuambiwa na jirani. Lakini uliyeandikiwa steroidi na daktari, usiziache ghafla, muulize kwanza.

Mzazi, mtazame mwanao machoni. Ukiona mboni ina weupe, macho yakichezacheza, au mtoto hafuati uso wako kufikia miezi 3, nenda kituo cha afya mara moja. Weupe huo waweza pia kuwa saratani ya jicho, ambayo haingoji.

Hakuna matone wala mitishamba inayoondoa mtoto wa jicho. Tiba ni upasuaji, na mtoto huhitaji miwani na kliniki kwa miaka baada yake. Ukiona weupe leo, usingoje kliniki ya mwezi ujao.