Karatasi Huwambwa Kama Ngoma

Ndugu zangu, ile picha ya kisima niliyolichorea darasa letu mmeiona. Karatasi ni nene, lakini imefanya mawimbi, na rangi imetuama mabondeni. Kosa ni langu. Karatasi ikilowa hutanuka, na palipo pakavu hapatanuki.

Ngoma mnaijua: ngozi huwambwa ikiwa imelowa, ikikauka inakaza. Karatasi nayo vile vile. Iloweke nzima majini kama dakika 5, kisha ilaze juu ya ubao mnene. Bandika kingo zote 4 kwa utepe wa karatasi, ule wa gundi ya kulowesha. Wa plastiki haushiki penye maji. Ubao ulale kivulini usiku kucha. Juani, hapana, karatasi itakaza upesi mno ipasuke. Kesho yake chora, na usiibandue mpaka rangi ikauke.