Mwizi ni Mwizi Tu?

Juzi nilikuwa kijiweni karibu na stendi ya Babati, nikinywa kahawa, mzee mmoja akaleta fumbo. Tuseme, alisema, kijana wa pikipiki kapigwa mkono na askari asimame. Hakusimama. Kafukuzwa njia ya Singida, mbele ya safari kamgonga mama aliyekuwa akivuka barabara. Amefikishwa mahakamani, anasema si yeye aliyekuwa akiendesha. Na kijana huyo aliwahi kufungwa kwa wizi. Je, hakimu aambiwe habari za kifungo hicho, au asiambiwe?

Kijiwe kizima kilijibu kwa sauti moja: aambiwe! Bwana mmoja akagonga meza: "Mwizi ni mwizi tu!" Wakanigeukia. "Mwandishi, nawe unasemaje?"

Nilisema asiambiwe, nikazomewa. Lakini si mimi niliyelitunga jambo hilo. Sheria yetu ya Ushahidi ya mwaka 1967 ndiyo inayokataza, kwa kawaida, makosa ya zamani ya mshtakiwa yasitumiwe kuthibitisha shtaka jipya. Wale mnaohudhuria mahakamani mnajua kwamba ni baada ya mtu kutiwa hatiani ndipo hakimu anamwuliza mwendesha mashtaka kama ana kumbukumbu za makosa ya nyuma. Hapo zinasaidia kupima adhabu tu.

Kisa chenyewe ni hiki. Swali mbele ya mahakama ni nani alishika usukani siku ile. Kifungo cha wizi hakiwezi kujibu swali hilo. Kinachoweza kulijibu ni macho ya askari, namba ya pikipiki, na mashahidi waliokuwa barabarani.

Hata hivyo mlango haukufungwa kabisa. Mshtakiwa akijisifu mwenyewe kuwa ni mtu safi, amewaruhusu wamfunue. Akiwachafua mashahidi wa upande wa mashtaka, vivyo hivyo. Na kama kijana yule alikuwa amezuiwa na mahakama kuendesha, kisha akashtakiwa kwa kuendesha hali amezuiwa, hukumu ya zamani ni sehemu ya shtaka lenyewe. Utaithibitishaje bila kuitaja?

Mfano mashuhuri unatoka Sydney, Australia. John Makin na mkewe Sarah walikuwa wakipokea watoto wachanga kuwalea kwa malipo kidogo. Maiti ya mtoto mmoja ilipofukuliwa, wakashtakiwa kwa mauaji. Lakini maiti za watoto wengine zilikutwa katika viwanja vya nyumba walizowahi kupanga. Mwaka 1893 shauri lilifika London, kwenye baraza lile lile ambalo baadaye rufaa za Tanganyika ya kikoloni ziliweza kufika. Majaji wakasema huwezi kuonyesha makosa mengine ya mtu ili tu watu waamini kuwa tabia yake ndiyo hiyo. Ila ukihitaji kujua kama kifo kilikuwa bahati mbaya au kilikusudiwa, maiti zile nyingine zina la kusema. Walishindwa rufaa yao.

Pale kijiweni nilikumbusha pia ya Januari 2006. Wafanyabiashara 3 wa madini kutoka Mahenge na dereva wao wa teksi waliuawa Dar es Salaam, nasi tukatangaziwa kwamba ni majambazi waliopambana na polisi. Tume ya Jaji Musa Kipenka iliona hawakuwa majambazi. Mwaka 2016 Mahakama ya Rufani ilimtia hatiani afisa wa polisi kwa mauaji hayo. Kijiwe kilinyamaza kidogo.

Sikuwaambia habari yangu mwenyewe, nawaambia ninyi. Nikiwa bado mgeni katika kazi hii nilisoma hewani kwamba "jambazi sugu" amekamatwa. Usugu wake ulikuwa kifungo kimoja cha zamani, nami niliupokea kwa mdomo tu, sikuuliza zaidi. Miezi kadhaa baadaye mahakama ilimwachia huru. Mama yake alikuja ofisini na nakala ya hukumu, ameikunja ndani ya kanga.

"Mwanangu, ile ya kwanza uliisoma," aliniambia. "Na hii utaisoma lini?"

Nilimjibu kwamba habari hiyo imeshapitwa na wakati.