Muhula Mmoja Ulaya, na Lugha Tuliyoiacha Nyumbani

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa ukoo, Alexandra, Johannesburg)



Kwanza kabisa tumshukuru Mwenyezi Mungu aliyetukutanisha tukiwa wazima. Nimeombwa niseme machache juu ya safari ya masomo ya mjukuu wetu, ambayo wengi wenu mliichangia. Aliyetoa mchango ana haki ya kupewa hesabu, nami niliyekuwa mtumishi wa serikali sijasahau wajibu huo.

Bila shaka mnakumbuka mabishano yetu ya mwaka 2024. Binti huyu, anayesomea jiografia katika chuo kikuu cha hapa Johannesburg, alipata nafasi ya kusoma muhula mmoja Leipzig, Ujerumani. Kaka yangu alikataa kuchanga. Alinipigia simu akasema: "Wewe tulikuaga kwa miaka miwili, ukakaa karibu thelathini. Huyu wa miezi mitano tutamwona lini?" Sikuwa na jibu. Nilikuja hapa mwaka 1996, nikiwa na umri wa miaka 38, baada ya kuwa miongoni mwa watumishi waliopunguzwa kazini miaka ile. Ni kweli kwamba nilimwahidi mama yetu miaka miwili. Mama alizikwa mimi nikiwa huku.

Sasa nieleze jinsi safari yenyewe ilivyokuwa, kwa faida ya vijana wanaotaka kufuata. Mpango wa Umoja wa Ulaya uitwao Erasmus ulianza mwaka 1987 kwa wanafunzi wa huko huko. Tangu mwaka 2015 umefungua mlango kwa vyuo vya kwetu Afrika kupeleka wanafunzi kwa muda mfupi. Mwanafunzi hubaki ameandikishwa katika chuo chake, wala halipi ada kule anakokwenda, na hupewa posho na msaada wa nauli. Kabla ya kuondoka, vyuo viwili na mwanafunzi hutia sahihi mkataba wa masomo unaotaja kila somo, ili akirudi lisikataliwe. Kijana asiyeushughulikia mkataba huo mapema anaweza kurudi na kumbukumbu nzuri bila alama hata moja.

Tena kuna suala la kalenda. Mwaka wa masomo hapa huanza Februari, kwao huanza Oktoba. Binti yetu aliacha muhula wa pili wa hapa, akaondoka mwishoni mwa Septemba 2024 na kurejea katikati ya Februari 2025, wenzake wakifungua mwaka mpya. Kwa kuwa alikaa zaidi ya siku 90, viza ya kawaida ya matembezi haikumfaa. Ilimbidi aombe ya muda mrefu, nayo huchukua majuma mengi. Michango yenu ililipia viza, bima, koti la baridi, na matumizi ya mwezi wa kwanza kabla posho haijafika. Zilizobaki, randi 2,300, amekabidhiwa Mweka Hazina.

Hiyo ndiyo hesabu ya fedha. Iko hesabu nyingine ambayo mimi ndiye ninayedaiwa.

Wageni wetu mmeuona mtaa huu. Ulianzishwa mwaka 1912, na Waafrika waliweza kununua viwanja hapa kabla sheria ya ardhi ya 1913 haijawafungia njia sehemu nyingi za nchi. Hapa ndipo Nelson Mandela alipopanga chumba mwanzoni mwa miaka ya 1940, akisoma shahada yake kwa njia ya posta, usiku kwa mwanga wa mshumaa. Ni mtaa uliowapokea wageni wengi, nami ulinipokea. Lakini tarehe 11 Mei 2008 ghasia dhidi ya wageni zilianzia hapa hapa Alexandra, zikaenea nchini, na watu zaidi ya 60 wakapoteza maisha. Makundi yaliwasimamisha watu njiani na kuwaonyesha kiwiko cha mkono, wakitakiwa kukitaja kwa Kizulu: indololwane. Aliyeshindwa alihesabiwa mgeni. Jirani yetu, mama wa Kizulu, alituficha chumbani kwake usiku mbili, akatufundisha neno hilo mpaka likakaa sawasawa mdomoni.

Mjukuu wetu alikuwa na miaka minne. Tangu siku ile nilipiga marufuku Kiswahili barabarani, kisha uani, na mwishowe hata mezani. Nilidhani ninamlinda. Baada ya hofu kupita, sikumrudishia lugha yake.

Usiku mmoja wa Desemba simu ililia. Alikuwa chumbani kwake Leipzig, ambako jua huzama saa kumi jioni. Chuo kile, kilichoanzishwa mwaka 1409, kinafundisha pia Kiswahili, na wanafunzi wa Kijerumani waliposikia jina la ukoo wake walimfuata kwa furaha wapate mtu wa kuzungumza naye. Walikuwa wakijifunza viungo vya mwili. Kijana mmoja akamgusa mkono akamwuliza kwa Kiswahili safi: hapa panaitwaje? Hakujua. Akaniuliza mimi: "Babu, elbow kwa Kiswahili ni nini?"

Ndugu zangu, nilinyamaza kwa muda. Kisha nikamwambia ni kiwiko, na kwamba kwetu tunasema pia kisugudi. Kesho yake alikwenda kuwafundisha Wajerumani neno la pili, ambalo hawakuwa nalo. Tangu hapo alinipigia kila jioni, nami nilimpa maneno matano.

Alipokuwa huko alisoma habari za Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Bagamoyo aliyefundisha Kiswahili mjini Berlin tangu mwaka 1900. Mwaka 1905 Mtoro alitaka kurudi nyumbani na mkewe Mjerumani, lakini watawala wa kikoloni walimzuia kushuka naye Dar es Salaam, akarudi Ujerumani na kufia huko mwaka 1927. Mjukuu wangu aliniambia: "Babu, yeye alizuiwa. Wewe nani amekuzuia?" Aliniuliza kwa adabu, na kwa Kiswahili.

Kaka, uliuliza tutamwona lini. Amerudi kwa siku aliyoahidi, na masomo yake yote yamekubaliwa. Desemba hii anakuja Tanga kukaa nawe mwezi mzima, nami nitafuatana naye, nikasimame kwenye kaburi la mama.

Kwa hiyo basi, naomba mkutano huu ukubali mambo mawili. Kila nyumba yetu, popote ilipo, iwe na mlo mmoja kwa siku ambao watoto wanasemeshwa Kiswahili. Na kila kijana atakayechangiwa kwenda ng'ambo, mfuko wetu umchangie pia nauli ya kwenda Tanga.