Virutubisho vya Ubongo: Palipo na Upungufu na Pasipo na Upungufu

Nootropiki ni jina la jumla la dawa, mimea na virutubisho lishe vinavyodaiwa kuongeza kumbukumbu, umakini na wepesi wa kufikiri. Kundi hili lilianza na dawa moja, piracetamu, iliyotengenezwa mwaka 1964 na Corneliu Giurgea, mwanasayansi mzaliwa wa Romania aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya UCB nchini Ubelgiji. Jina lenyewe alilitoa mwaka 1972, akaliwekea masharti magumu: dawa isaidie kujifunza na kukumbuka, iukinge ubongo usidhurike, na isiwe na madhara yoyote ya maana. Bidhaa nyingi zinazouzwa leo kwa jina hilo zisingevuka masharti hayo. Humo mna mafuta ya samaki, vitamini, dondoo za mimea, kafeini, na wakati mwingine dawa za hospitali zilizoingizwa kinyemela. Mada hii inahusu zaidi bidhaa ambazo mtu hununua mwenyewe, bila cheti cha daktari.

Ubongo wa mtu mzima una uzito wa takriban kilo 1.4, yaani kama asilimia 2 ya mwili, lakini hutumia karibu asilimia 20 ya nishati yote ya mwili uliopumzika. Akiba yake ni ndogo mno, kwa hiyo hutegemea damu iuletee glukosi na oksijeni kila dakika. Kati ya damu na ubongo kuna ukuta wa chembe zilizobanana unaochagua kipi kipite na kipi kizuiwe. Ndiyo maana kumeza kitu si sawa na kukifikisha kwenye ubongo: kidonge lazima kwanza kisagwe tumboni, kipite kwenye ini, kisha kikubaliwe na ukuta huo. GABA, kemikali ambayo ubongo huitumia kujituliza, huuzwa kwenye vidonge ingawa kutoka kwenye damu hupenya ukuta huo kwa shida.

Ushahidi uliopo, ukipangwa pamoja, unaelekea upande mmoja. Kirutubisho huusaidia ubongo pale kinapojaza kilichopungua. Pasipo na upungufu, faida ni ndogo au haipo, na mara nyingine huja madhara.

Upungufu unaojulikana

Madini joto ndiyo mfano mkubwa kuliko yote. Tezi ya shingo huyahitaji ili itengeneze homoni zinazoongoza ukuaji wa ubongo wa mtoto angali tumboni. Upungufu mkali wakati wa ujauzito huacha ulemavu wa akili ambao hakuna kidonge kitakachouondoa baadaye. Shirika la Afya Duniani (WHO) linapendekeza mikrogramu 150 kwa siku kwa mtu mzima na 250 kwa mjamzito na anayenyonyesha. Katika nyanda za juu kusini mwa Tanzania, ambako mvua zimekuwa zikiyaosha madini hayo kutoka kwenye udongo tangu zama, rovu lilikuwa jambo la kawaida. Kuanzia katikati ya miaka ya 1980, Serikali iligawa vidonge vya mafuta yenye madini joto katika wilaya zilizoathirika zaidi, kisha ikaweka nguvu kwenye chumvi.

Ugawaji huo ulizaa mjadala wa kisayansi unaostahili kufahamika. Mwaka 2009, Erica Field, Omar Robles na Maximo Torero walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba watoto waliokingwa na vidonge hivyo wakiwa tumboni walisonga mbele shuleni kwa kati ya 0.35 na 0.56 ya mwaka kuliko wenzao, na wasichana ndio waliofaidika zaidi. Uchambuzi uliofuata wa watafiti wengine, uliotumia takwimu nyingi zaidi, haukuyathibitisha matokeo hayo. Nafasi ya madini joto katika ubongo haikutikiswa na tofauti hiyo, kwa kuwa imethibitishwa kwa njia nyingine nyingi. Kilichodhihirika ni ugumu wa kupima matunda ya kirutubisho kimoja katika maisha ya darasani, hata pale ambapo kazi yake mwilini haina ubishi. Kwa bidhaa ambazo hata kazi yake mwilini ni ya kudhaniwa tu, madai ya kuongeza akili yanahitaji kupokewa kwa uangalifu mkubwa zaidi.

Kuipima chumvi ni kazi ya sekunde chache. Dawa ya kupimia hudondoshwa juu ya chumvi kijikoni. Yenye madini joto hugeuka bluu au zambarau papo hapo, isiyo nayo hubaki nyeupe. Chumvi iliyopita kipimo hicho dukani huweza kupoteza madini yake ikiachwa wazi, ikipata unyevu au ikiwekwa karibu na moto. Hifadhi nzuri ni chombo chenye kifuniko, na ni vyema itiwe kwenye chakula kikikaribia kuiva.

Vitamini B12 haipewi uzito unaostahili. Mwili huipata kwenye nyama, maini, samaki, mayai na maziwa, na huihitaji kutunza utando wa mafuta unaoizunguka mishipa ya fahamu. Ini huweka akiba ya miaka kadhaa, kwa hiyo upungufu huingia polepole na hudhaniwa kuwa ni uzee. Mgonjwa huanza kuhisi ganzi na michomo miguuni, kisha hutembea kwa kuyumba, hasa gizani. Baadaye husahau mambo ya jana, hukasirika bila sababu, na watu wa nyumbani huanza kusema mzee amechanganyikiwa. Walio kwenye hatari zaidi ni wazee, wasiokula kabisa vyakula vitokanavyo na wanyama, waliofanyiwa upasuaji wa tumbo, na wagonjwa wa kisukari waliotumia metfomini kwa miaka mingi, kwa kuwa dawa hiyo hupunguza ufyonzwaji wa B12. Kipimo cha damu hutoa jibu, na sindano au vidonge vya dozi kubwa huweza kumrudisha mgonjwa katika hali yake ikiwa tatizo limegunduliwa mapema. Mgonjwa wa namna hii akipewa asidi ya foliki peke yake, upungufu wa damu huweza kupona huku mishipa ya fahamu ikiendelea kuharibika bila dalili ya kumshtua mtu. Kwa upande mwingine, kumpa B12 mtu ambaye kiwango chake kinatosha ni kumimina maji kwenye mtungi uliojaa.

Utafiti wa VITACOG wa Chuo Kikuu cha Oxford, uliochapishwa mwaka 2010, ulionyesha mpaka huo waziwazi. Wazee wenye usahaulifu mdogo walipewa vitamini B6, B12 na asidi ya foliki kwa miaka miwili. Kusinyaa kwa ubongo kulipungua kasi kwa takriban asilimia 30 kwa wastani, lakini faida ilitegemea sana kiwango cha homosisteini, kemikali ya damu ambayo hupanda vitamini hizo zinapopungua. Walioanza na kiwango cha juu walifaidika kwa asilimia 53. Waliokuwa na kiwango cha chini hawakupata faida ya maana.

Mfano mzito zaidi unatoka Pemba. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 maelfu ya watoto wa kati ya mwezi 1 na 35 walipewa madini ya chuma na asidi ya foliki kila siku. Nia ilikuwa njema, maana upungufu wa chuma hudumaza ukuaji wa ubongo na Pemba ilikuwa na watoto wengi wenye upungufu wa damu. Ilikuwa pia na malaria nyingi. Jaribio lilisimamishwa kabla ya wakati mwaka 2003, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2006 katika jarida la The Lancet yalionyesha kwamba watoto waliopewa chuma walikuwa na uwezekano wa asilimia 12 zaidi wa kufa au kuugua kiasi cha kulazwa. Katika kundi dogo lililofuatiliwa kwa karibu, watoto ambao kweli walikuwa na upungufu wa chuma na damu walinufaika. Kidonge kilikuwa kile kile. Tangu hapo, katika maeneo yenye malaria, kumpa mtoto chuma kumeambatanishwa na kinga na tiba ya malaria.

Asidi ya foliki yenyewe ina nafasi isiyobishaniwa kabla ya mimba. Mfereji unaozaa ubongo na uti wa mgongo hufunga ndani ya siku 28 za kwanza, wakati wanawake wengi hawajajua kuwa ni wajawazito. Jaribio lililochapishwa mwaka 1991 chini ya Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza lilionyesha kwamba, kwa wanawake waliowahi kupata mtoto mwenye tatizo la mfereji huo, dozi ya kila siku ilipunguza kujirudia kwa tatizo kwa asilimia 72. Mikrogramu 400 kwa siku ndiyo dozi ya kawaida kwa mwanamke anayetarajia kushika mimba.

Ginkgo na bidhaa za aina yake

Dondoo la majani ya mti wa ginkgo ndilo lililopimwa kwa kina kuliko mengine. Nchini Marekani, watu 3,069 wenye miaka 75 na zaidi waligawanywa kwa bahati nasibu: wengine walipewa miligramu 120 za ginkgo mara mbili kwa siku, wengine kidonge kisicho na dawa, wakafuatiliwa kwa takriban miaka sita. Matokeo yalitolewa mwaka 2008. Waliopata demensia, yaani ugonjwa wa kupotewa na kumbukumbu na uwezo wa kufikiri, walikuwa 277 katika kundi la ginkgo na 246 katika kundi la kidonge kitupu. Utafiti mwingine mkubwa wa Ufaransa, uliochapishwa mwaka 2012, nao haukuonyesha kinga. Kwa watu wazima wenye afya, hakuna sababu ya kuendelea kulipia kinga hiyo.

Mafuta ya samaki yana hoja yenye mantiki zaidi, kwa kuwa DHA, aina ya mafuta iliyomo ndani yake, ni sehemu ya kuta za chembe za ubongo. Ulaji wa samaki umehusishwa na ubongo kuzeeka vizuri. Vidonge vyake, vikijaribiwa kwa watu wanaokula vizuri, vimeshindwa mara nyingi kuonyesha faida hiyo. Dagaa na vibua huja na DHA pamoja na protini, B12 na madini joto, kwa bei ambayo chupa ya vidonge haiifikii. Bakopa, mmea wa tiba ya jadi ya India, imeonyesha matumaini madogo kwenye kumbukumbu baada ya wiki 12 hivi katika majaribio ya watu wachache. Vidonge vya vitamini mchanganyiko vilionyesha nafuu ndogo kwa wazee katika utafiti wa COSMOS-Mind wa mwaka 2022, huku dondoo la kakao lililojaribiwa sambamba likikosa matokeo. Mwongozo wa WHO wa mwaka 2019 haupendekezi vitamini B, vitamini E, mafuta ya omega wala vidonge mchanganyiko kama njia ya kupunguza hatari ya demensia.

Kafeini ni ya aina nyingine: inafanya kazi kweli, lakini hailishi ubongo. Huziba mahali ambapo adenosini, kemikali ya uchovu, hujishikiza. Nusu yake huwa bado mwilini baada ya saa tano hivi, na kwa mjamzito muda huo huongezeka sana. Mwanafunzi anayekesha na kahawa au vinywaji vya kuongeza nguvu usiku wa kuamkia mtihani anaupora usingizi, na usingizi ndio wakati ambapo ubongo huyaimarisha aliyoyasoma mchana.

Kilichomo kwenye chupa

Sheria ya Marekani ya mwaka 1994 inaruhusu virutubisho kuingia sokoni bila kuthibitisha kwanza kwamba vinafanya kazi. Baadhi ya bidhaa zinazoagizwa mtandaoni na wanunuzi wa Afrika Mashariki hutoka katika soko hilo. Kwenye lebo, mara nyingi mstari muhimu ni ule unaotaja mchanganyiko maalumu wa kampuni, uzito mmoja wa jumla na majina saba au nane ya viambato chini yake, bila kiasi cha kila kimoja. Mnunuzi hawezi kujua kama kiambato kilichofanyiwa utafiti kimefikia dozi ya utafiti au ni punje tu ya kupambia lebo. Utafiti ulioongozwa na Pieter Cohen, uliotoka mwaka 2020, uliwahi kukuta ndani ya bidhaa za aina hii dawa zisizoidhinishwa Marekani, zikiwemo vinposetini na fenibuti. Fenibuti huzoesha mwili, na kuiacha ghafla ni hatari. Kuhusu vinposetini, mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo mwaka 2019 kwa wanawake wanaoweza kushika mimba.

Takwimu nazo huchaguliwa. Mwaka 2017, Tume ya Biashara ya Marekani na jimbo la New York ziliishtaki kampuni ya Quincy Bioscience, inayouza Prevagen, bidhaa yenye protini iliyogunduliwa kwenye kiwavi wa baharini. Jaribio la watu 218 lililotegemewa na kampuni halikuonyesha faida kwa washiriki wote; walalamikaji walieleza kwamba data zilikatwakatwa zaidi ya mara 30 kutafuta vikundi vidogo vilivyofanya vizuri. Mwishoni mwa mwaka 2024 mahakama iliizuia kampuni kuendelea na madai hayo ya kumbukumbu.

Mishipa ya damu

Wilayani Hai, Kilimanjaro, utafiti wa nyumba kwa nyumba ulikuta demensia kwa asilimia 6.4 ya watu wenye miaka 70 na zaidi, baada ya kusawazisha umri. Matokeo hayo yaliondoa dhana kwamba ugonjwa huu ni wa nchi tajiri. Sehemu ya mzigo huo hutokana na mishipa ya damu iliyoharibiwa na presha, kisukari na kiharusi. Utafiti wa SPRINT MIND wa Marekani, wenye washiriki zaidi ya 9,000 na matokeo ya mwaka 2019, ulionyesha kwamba kushusha presha ya juu hadi chini ya 120 kulipunguza upungufu mdogo wa akili kwa asilimia 19. Hakuna kirutubisho kilichotajwa hapo juu chenye matokeo ya ukubwa huo katika jaribio la aina hiyo. Tume ya The Lancet ya mwaka 2024 ilihesabu vihatarishi 14 vinavyoweza kurekebishwa, vikiwemo kutosikia vizuri, elimu ndogo, uvutaji sigara na upweke, ikakadiria kwamba vinahusika na karibu asilimia 45 ya demensia duniani. Kwa mgonjwa wa presha mwenye fedha ya kununulia ama dawa zake ama chupa ya nootropiki, dawa za presha ndizo kinga ya ubongo wake.

Kaunta ya duka la dawa

Mteja anayeulizia dawa ya kumbukumbu anahitaji kwanza kuulizwa umri, usingizi, pombe, lishe, presha, kisukari na dawa anazotumia, kwa kuwa dawa za mzio zinazolevya, dawa za usingizi na msongo wa mawazo nazo huleta usahaulifu. Usahaulifu ulioanza ghafla, unaoambatana na homa, kichwa kuuma sana au udhaifu wa upande mmoja, hupelekwa hospitali siku hiyo hiyo. Ginkgo haifai kuchanganywa na warfarini wala aspirini bila ushauri, na inapaswa kusimamishwa kabla ya upasuaji. Vitamini B6 ya dozi kubwa kwa muda mrefu huharibu mishipa ile ile ya fahamu inayodaiwa kuilinda. Kwa wanaotumia dolutegraviri, dawa ya VVU, mmea wa hypericum unaouzwa kwa ajili ya huzuni hushusha kiwango cha dawa hiyo katika damu. Vidonge vyenye chuma, kalisi, zinki au magneziamu huizuia isifyonzwe. Dolutegraviri humezwa saa mbili kabla ya vidonge hivyo au saa sita baada yake.