Magurudumu Mawili Mawili Nyuma ya Trekta Dogo

 

Leo tuzungumze habari ya trekta dogo, lile la nguvu za farasi 20 mpaka 35 hivi. Ninapopita vijiji vya jirani na Mtabila naulizwa swali hili mara kwa mara: "Bwana shamba, tukilifunga magurudumu mawili mawili nyuma, kama lori, si litalima mpaka kule juu mlimani?"

Jibu langu ni hapana. Lakini tuelewane vizuri, maana magurudumu hayo yana kazi yake na ni kazi nzuri.

Watu wa mbali wanaikumbuka Mtabila kwa ile kambi ya wakimbizi wa Burundi iliyofungwa mwaka 2012. Sisi tunaolima tunaijua kwa miinuko yake. Mahindi na maharage yako kwenye mteremko wa udongo mwekundu, na chini kabisa kuna bonde lenye udongo mweusi unaoshika maji. Trekta ni lile lile moja. Asubuhi liko juu, mchana liko bondeni linazama.

Kule bondeni ndiko magurudumu mawili mawili yanakosaidia. Uzito uliobebwa na matairi mawili sasa unagawanywa kwa manne, kwa hiyo kila tairi linakandamiza udongo kidogo zaidi, halichimbi shimo wala halizunguki bure. Wenzetu wanaolima mpunga wanaijua siri hii siku nyingi, ila wao hufunga magurudumu ya vyuma pembeni mwa tairi. Hata pawatila zilizoenea nchini baada ya Kilimo Kwanza ya mwaka 2009 hufungwa vyuma hivyo zinapoingia kwenye majaruba.

Sasa mlimani. Hapa nina jambo la kuungama. Miaka michache iliyopita kikundi kimoja kiliniomba ushauri, nami nikawaambia fungeni tu, upana ukiongezeka trekta halitapinduka. Nusu ya maneno hayo ni kweli. Nusu ya pili ilikaribia kumuua kijana wa watu. Alikuwa anapita ubavuni mwa kilima, na kwa kuwa aliliona trekta limetulia, alipanda juu zaidi kuliko alivyozoea. Gurudumu la nje la upande wa juu likapanda kichuguu kilichofichwa na majani. Trekta likalala upande. Kilichomwokoa ni ule upinde wa chuma ulio nyuma ya kiti, pamoja na mkanda aliokuwa amejifunga. Tulipoliinua tulikuta ekseli imepinda, na mkopo wenyewe ulikuwa haujalipwa hata nusu.

Kwa nini ilikuwa hivyo? Tazameni trekta lenu kwa mbele. Ekseli ya mbele imeshikwa na pini moja katikati, inacheza juu na chini. Kwa hiyo trekta halisimami kama meza ya miguu minne, linasimama kama kigoda cha miguu mitatu: pini ya mbele na magurudumu mawili ya nyuma. Ukitanua nyuma, kigoda kinatulia zaidi, hilo ni kweli. Lakini gurudumu la nje liko mbali, na likipanda jiwe, kisiki au kichuguu, trekta zima linainuliwa kwa upande huo. Tena uzito wote unaangukia gurudumu la nje peke yake, nalo linaikunja ekseli kama mtu anayekunja fito kwa kushika ncha yake. Beringi na sili za mafuta ndizo zinazoanza kufa. Na ubaya mkubwa kuliko yote ni kwamba dereva anapata ujasiri ambao trekta halina.

Basi kwanza upimeni mteremko. Chukueni mti ulionyooka wa mita 2. Wekeni ncha moja juu ya ardhi upande wa mlimani, nyingine ishikeni hewani upande wa bondeni. Lazeni juu ya mti chupa ya maji isiyojaa kabisa, mpaka kiputo kikae katikati. Kisha pimeni kutoka ncha iliyo hewani kushuka mpaka chini. Ikizidi sentimita 30, mimi simruhusu dereva wangu kupita ubavuni na trekta dogo, liwe na magurudumu mawili au manne. Mahali hapo jembe la mkono na matuta ya kontua yanatosha, na udongo nao unabaki shambani.

Kama mteremko ni wa wastani na mnataka trekta litulie, kuna njia isiyo na gharama. Matrekta mengi madogo yana rimu iliyobonyea upande mmoja. Someni kitabu cha trekta kama kinaruhusu, kisha gurudumu la nyuma la kushoto lihamieni kulia, na la kulia kushoto, bila kuligeuza. Upande uliokuwa nje sasa utaangalia ndani, na trekta litakuwa pana. Mkimaliza simameni nyuma ya trekta mtazame meno ya tairi: yawe kama paa la nyumba, ncha juu. Yakiwa kinyume, mmekosea, fungueni tena. Mnaweza pia kujaza maji matairi ya nyuma, vali ikiwa juu, mpaka maji yafike usawa wa vali, halafu mkaongeza upepo. Uzito unakaa chini, na huku kwetu maji hayagandi.

Wale wenye bonde la tope, na wanaotaka kufunga magurudumu ya pili, wasikilize hapa. Pete ya chuma inayotenganisha rimu mbili ichongwe na fundi mwenye mashine ya kuchonga. Msimpe mchomeleaji wa njiani akaunganisha rimu kuukuu ya gari kwa kukisia kwa macho, kwa sababu ikikaa kombo kidogo tu gurudumu litayumba na boliti zitakatika moja baada ya moja. Matairi yawe ya kimo kimoja; yazungushieni kamba mpime. Lililochakaa kidogo likae nje. Upepo wa nje usizidi wa ndani. Kati ya matairi mawili, chini kabisa yanapotuna kwa uzito, ngumi ya mtu mzima ipite bila kugusa, la sivyo mawe yatakwama humo na kukata mpira. Maji wekeni ya ndani tu, ya nje kamwe. Nati kazeni kwa kuvuka, ya juu kisha ya chini, halafu za pembeni. Limeni nusu saa, simameni, kazeni tena. Baada ya hapo kila asubuhi kabla ya kuwasha.

Na barabarani yatoeni. Madaraja yetu ya miti hayakupimwa kwa upana huo, na mtu wa baiskeli anayekuja mbele yenu hajui kwamba trekta limenenepa.

Kile kikundi nilichokieleza bado kinalima. Ekseli tulitengeneza, na mimi mwenyewe nilichangia sehemu ya gharama. Magurudumu ya nje yamelazwa ghalani juu ya mbao, mbali na jua. Yanatolewa wakati wa kulima bonde, yanafanya kazi ya siku nne au tano, kisha yule yule kijana anayafungua na kuyarudisha.